Mkojo wa farasi, panya wa Baltimore na presha ya mama wa Laela: historia ya homoni za kike na kiharusi

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimyakimya kwenye simu za wake zenu. Safari hii nina habari ndefu, nitaigawa vipande. Chukua chai, mlaze mtoto, twende.

Wiki tano zilizopita nilikuwa zamu kliniki ya uzazi wa mpango. Akaingia mama wa miaka 36, mtoto mgongoni, ametoka upande wa Laela kwa basi la alfajiri. Anataka vidonge vya majira. Nikamfunga mpira wa presha: 168 kwa 104. Nikamwambia apumzike, labda ni safari. Baada ya nusu saa nikapima mkono wa pili: 166 kwa 104. Nikamwambia, mama, hivi vidonge leo sikupi.

Akanitazama kama nimemnyima haki yake. Akasema: "Sista, mbona kwenye simu wanasema homoni za kike zinalinda ubongo na kiharusi? Mimi ndiyo nimezifuata. Mama yangu alipooza."

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nilimjibu kwa kifupi, na jibu langu halikuniridhisha. Maana alichosikia kina ukweli ndani yake kabisa, na ukweli wenyewe una historia ya miaka mia moja, ambayo ndani yake watu wasomi sana walianguka kwenye shimo lile lile aliloliendea yeye. Hii ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia.

Nianzie huku kwetu. Wengi mnaijua Hospitali ya Dk. Atiman pale mjini. Wangapi mnajua Atiman ni nani? Adrien Atiman alizaliwa nchi ambayo leo ni Mali, akaibwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani. Wamisionari Weupe wakamkomboa, akasomeshwa utabibu kisiwani Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Akatibu watu wa pande zetu hadi uzee wake. Alifariki 1956.

Sasa fikirini. Mwaka ule alipofika Karema, mpira wa presha tunaoutumia leo ulikuwa haujabuniwa. Scipione Riva-Rocci, daktari wa Italia, alikuja nao 1896. Mrusi Nikolai Korotkoff akaonyesha 1905 jinsi ya kusikiliza mapigo kwa stetoskopu wakati mpira unalegea, na namba mbili tunazowaandikia kwenye kadi zinatoka hapo. Mwaka huohuo wa 1905, huko London, Ernest Starling ndipo akatumia kwa mara ya kwanza neno homoni, kutoka Kigiriki, maana yake kitu kinachoamsha au kusukuma. Kwa hiyo tabibu wetu wa kwanza alipoletewa mtu aliyepinda mdomo, hakuwa na namba ya presha wala neno homoni. Alikuwa na macho yake na vidole vyake.

Kabla ya kuendelea, kiharusi ni nini? Ubongo unakula damu kila sekunde. Mshipa ukizibwa na bonge la damu, au mshipa ukipasuka, sehemu inayolishwa na mshipa ule inaanza kufa. Kushoto kukifa, upande wa kulia wa mwili unalegea, na mara nyingi maneno yanapotea. Shikeni hizo aina mbili, kuziba na kupasuka. Tutazirudia.

SEHEMU YA 2

Jana mmoja aliniambia "sista, ulikata pale pazuri". Haya, tuendelee.

Mwaka 1923, mjini St. Louis, Marekani, Edgar Allen na Edward Doisy walichukua maji yaliyo ndani ya ovari za nguruwe, wakawadunga panya majike walioondolewa ovari. Panya wale, ambao walikuwa wamepoa kabisa, wakarudi kuwa kama jike anayetafuta dume. Kulikuwa na kitu ndani ya yale maji. Mwaka 1929 Doisy huko Marekani na Adolf Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja kivyake, wakafanikiwa kukitoa kikiwa safi. Walikitoa wapi? Kwenye mkojo wa wanawake wajawazito! Ndiyo familia ya estrojeni hiyo. Mwaka 1934 ikafuata projesteroni, ambayo hata jina lake linahusu kubeba mimba.

Mkojo wa wajawazito hautoshi kutengeneza dawa ya kuuza dunia nzima, basi wakahamia kwa farasi. Mwaka 1942 Marekani ikaruhusu vidonge viitwavyo Premarin, estrojeni iliyotolewa kwenye mkojo wa farasi majike wenye mimba. Jina lenyewe ni maneno hayo ya Kiingereza yaliyofupishwa. Nilipowaeleza wenzangu wodini walidhani nawatania.

Vidonge vile vilikuwa vya mama walioacha kupata hedhi, kwa ajili ya joto la ghafla na kutokwa jasho usiku. Lakini madaktari walikuwa wameshaona jambo lingine. Wanaume walikuwa wanaugua moyo mapema kuliko wanawake. Mwanamke anayepata hedhi ni kama ana mwavuli, akikoma hedhi mwavuli unafungwa. Je, mwavuli ni estrojeni?

Mwaka 1952 huko Chicago wakajaribu kwa vifaranga wa kuku. Wakawalisha chakula chenye mafuta ya kolesteroli hadi mishipa ya moyo ikaanza kuziba. Waliopewa na estrojeni, mishipa ya moyo ikalindwa. Mnaona jinsi inavyovutia? Ukiwa na jibu zuri namna hiyo mkononi, utataka kulipeleka kwa binadamu.

Wakalipeleka kwa wanaume. Ndiyo, wanaume. Hospitali za askari wastaafu Marekani ziliwapa estrojeni ya farasi wanaume waliokuwa na ugonjwa wa mishipa ya ubongo, kuona kama itawakinga. Matokeo yakatangazwa 1966: haikuwasaidia. Wakati huo ulikuwa umeanza mpango mkubwa zaidi, wa wanaume zaidi ya 8,000 waliowahi kupata shambulio la moyo, wakijaribiwa dawa mbalimbali, mojawapo estrojeni. Dozi kubwa ikasimamishwa 1970, dozi ndogo ikasimamishwa 1973, kwa sababu badala ya kuwalinda, wengine waliganda damu na kupata mashambulio zaidi. Na matiti yaliwaota, na hamu ya tendo ikapotea. Akina baba mnaosoma kimya, poleni.

Kumbe estrojeni ina mikono miwili. Ukiimeza inapita kwanza kwenye ini, na ini linaongeza vitu vinavyogandisha damu. Mkono mmoja unalainisha mshipa, mkono wa pili unatengeneza bonge. Kwa kifaranga mwenye afya unaona mkono wa kwanza. Kwa mtu ambaye mishipa yake tayari imechakaa, unaweza kukutana na wa pili.

SEHEMU YA 3

Leo ni zamu ya panya. Hapa ndipo kwenye ule ukweli aliousikia mama wa Laela.

Kwa miaka mingi maabara zilizochunguza kiharusi zilitumia panya madume tu. Sababu waliyotoa ni kwamba majike wana mizunguko ya homoni, inavuruga hesabu. Yaani kile kitu chenyewe kilichotakiwa kuchunguzwa ndicho kilichofanywa kisumbufu! Mimi hilo linanikera hadi leo, lakini tuache.

Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, wakawaweka pamoja panya madume, panya majike, na majike walioondolewa ovari. Wakapitisha uzi mwembamba kwenye mshipa hadi ukaziba damu ya upande mmoja wa ubongo, wakauacha saa mbili, wakauvuta. Kesho yake wakapima sehemu ya ubongo iliyokufa. Majike wenye ovari zao walikuwa na kidonda kidogo kuliko madume. Majike walioondolewa ovari walikuwa sawasawa na madume. Mwavuli ulionekana kwa macho.

Miaka hiyohiyo maabara za Florida na Kentucky zilipata majibu yanayofanana: jike asiye na ovari, ukimrudishia estrojeni, kidonda kinapungua. Wakaanza kueleza inavyofanya kazi. Estrojeni inasaidia mishipa kutanuka ili damu ipite. Ndani ya seli ya ubongo inazuia ile amri ya seli kujiua baada ya kukosa hewa. Inapoza pia uvimbe wa ndani, ule moto wa mwili kupigana na kidonda chake. Haya yote yameonekana tena na tena, siyo hadithi.

Na projesteroni nayo ina kisa chake. Donald Stein, mtafiti Mmarekani, aligundua kwamba panya majike wanapona jeraha la kichwa vizuri kuliko madume, na baadhi yao ubongo hauvimbi karibu kabisa. Akafuatilia. Wale ambao hawakuvimba walikuwa kwenye hali ya mimba ya uongo, ambapo projesteroni hupanda sana. Alitumia miaka mingi kuwashawishi wenzake. Mwishowe ikajaribiwa kwa binadamu waliopasuka vichwa kwenye ajali. Jaribio dogo la watu 100 mjini Atlanta, lililotangazwa 2007, likatia moyo. Yakafuata majaribio mawili makubwa yenye jumla ya wagonjwa zaidi ya 2,000, na Desemba 2014 yote mawili yakatoa jibu moja: waliopewa projesteroni hawakupona vizuri kuliko wasiopewa.

Nilipoyasoma haya mara ya kwanza nilihuzunika kidogo, nakiri. Unatamani sana iwe kweli.

Sasa mtazameni yule panya wa Baltimore vizuri. Ni kijana. Hana presha, hana kisukari, hajawahi kula migebuka ya chumvi. Mshipa wake umezibwa kwa uzi safi na ukafunguliwa kwa saa iliyopangwa. Kule Kentucky, estrojeni ya kiwango cha kawaida cha mwili ilisaidia ilipotangulia kama wiki moja kabla ya mshipa kuzibwa. Ilipodungwa palepale wakati wa tukio, haikusaidia. Nani kati yetu anaijua ile wiki moja kabla?

Halafu kumbukeni zile aina mbili. Uzi ule unaiga kiharusi cha kuziba. Huku Afrika, viharusi vya kupasuka ni sehemu kubwa kuliko Ulaya, na kinachopasua mshipa kwa kawaida ni presha ya miaka mingi isiyotibiwa.

SEHEMU YA 4

Hapa wanaingia manesi wenzangu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 1976 huko Marekani ulianza utafiti uliofuatilia manesi zaidi ya 120,000. Kila baada ya miaka miwili wanajaza karatasi: unakula nini, unatumia dawa gani, umeugua nini. Mwaka 1991 wakatangaza kwamba manesi waliokoma hedhi na wanaotumia estrojeni walipata magonjwa ya moyo karibu nusu ya wasiotumia. Kwa kiharusi hapakuwa na tofauti. Lakini watu wakashika lile la moyo, wakabeba na ubongo humohumo. Ukichanganya na vitabu vya miaka ya sitini vilivyokwisha kuwaaminisha wanawake kwamba kidonge kitawaweka wasichana milele, mamilioni wakawa wanameza.

Tatizo la kuwafuatilia watu wanaojichagulia dawa ni hili: nesi anayemeza kidonge cha kujikinga kila siku ni yuleyule anayefanya mazoezi, havuti sigara, na anakwenda kwa daktari kupimwa. Huwezi kujua kilichomlinda ni kidonge au ni tabia zake.

Basi ukaanzishwa mpango wa kugawa kwa bahati nasibu, nusu wanapewa dawa, nusu vidonge visivyo na kitu, na mwenyewe hujui umepata ipi. Unaitwa kwa kifupi WHI. Kundi la kwanza lilikuwa wanawake 16,608, wastani wa umri miaka 63, dawa ni estrojeni pamoja na homoni ya jamii ya projesteroni. Julai 2002 likasimamishwa kabla ya wakati. Saratani ya matiti ilizidi, na viharusi pia: kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, viharusi 29 kwa wanaomeza dawa na 21 kwa wasiomeza. Kundi la pili, wanawake zaidi ya 10,000 walioondolewa kizazi na kupewa estrojeni peke yake, likasimamishwa 2004. Sababu kubwa ilikuwa kiharusi.

Kabla ya hapo, mwaka 2001, lilitangazwa jaribio dogo la wanawake 664 ambao tayari walikuwa wamepata kiharusi au dalili zake za kupita, wastani miaka 71. Wakapewa estrojeni ili wasipate kingine. Haikuwakinga, na kati ya waliopata tena, waliokufa walikuwa wengi zaidi upande wa dawa.

Kwa hiyo mara tatu: askari wastaafu wa 1966, wale wanaume wa moyo, na hawa akina mama. Kila mara mwavuli ulionekana kwenye mnyama, ukafungwa juu ya binadamu.

Je, maana yake mwavuli haupo? Hapana, jamani, msiruke huko. Utafiti wa mji wa Framingham, unaofuatilia watu tangu 1948, ulionyesha mwaka 2009 kwamba wanawake waliokoma hedhi kabla ya miaka 42 walikuwa na hatari ya kiharusi cha kuziba mara mbili ya wale waliokoma baadaye. Homoni ya mwili wako mwenyewe, inayotoka kwenye ovari zako kidogokidogo kwa mizunguko, tangu ujana, ndani ya mishipa ambayo bado laini, inaelekea inafanya kazi. Kuichukua kwa kidonge miaka kumi na zaidi baada ya kukoma, mishipa ikiwa imeshakauka, ni jambo jingine. Wataalamu bado wanabishana kuhusu kuanza mapema, na mama mwenye joto kali la kukoma hedhi anaweza kuandikiwa homoni na daktari baada ya kupimwa, kwa ajili ya lile joto. Kwa ajili ya kukinga kiharusi haziandikwi.

Na kama umekoma hedhi kabla ya miaka 45, usikae nyumbani nalo. Njoo useme.

SEHEMU YA 5

Hii nimeichelewesha kwa sababu ni ngumu kuiandika.

Homoni za kike zinapanda juu kuliko wakati wowote wa maisha yako ukiwa mjamzito. Kama ni wingi tu wa homoni ndio kinga, mjamzito angekuwa mtu salama kuliko wote duniani. Lakini tunajua kwamba siku za karibu na kujifungua, na wiki 6 baada yake, ndipo hatari ya kiharusi kwa mwanamke kijana inapanda. Damu inaganda upesi, ni mwili unajiandaa usimwage damu nyingi wakati wa uzazi. Na wengine presha inapanda hadi kifafa cha mimba. Hapo mshipa wa ubongo unaweza kupasuka kwa mama wa miaka 22.

Kilichosaidia upande huo ni chumvi ya magnesiamu, dawa ya bei nafuu kabisa. Jaribio kubwa la mwaka 2002, wajawazito zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lilionyesha sindano yake inapunguza kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Ndiyo ile sindano inayochoma kama moto, ambayo mnatulalamikia. Tunajua inauma. Inakwenda pamoja na dawa ya kushusha presha. Kichwa kinagonga kisichosikia Panadol, macho yanaona vimulimuli au ukungu, tumbo linauma juu chini ya mbavu, uso umevimba: usisubiri tarehe ya kliniki. Hata kama umeshajifungua. Mama wengi wanadhani wakishamshika mtoto mkononi presha ya mimba imekwisha.

Sasa vidonge vya majira. Vile vya kawaida vina estrojeni na homoni ya pili pamoja. Dozi ya leo ni ndogo sana ukilinganisha na vidonge vya mwanzo vya 1960, na kwa mwanamke mwenye presha nzuri, asiyevuta sigara, hatari ya kiharusi ni ndogo mno. Narudia, kama unatumia na presha yako inapimwa na iko sawa, usivitupe leo usiku kwa sababu yangu. Mimba usiyoipanga nayo ina hatari zake, nimewaeleza hapo juu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, uliotoka mara ya kwanza 1996, unasema presha ikifika 160 kwa 100 vidonge hivyo havitolewi kabisa. Kuanzia 140 kwa 90, kwa kawaida navyo havitolewi kama kuna njia nyingine. Aliyewahi kupata kiharusi hapewi. Mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni hapewi.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa kituo ambacho sitakitaja. Mashine ya presha iliharibika, ikakaa mbovu zaidi ya miezi miwili. Tukawa tunauliza kwa mdomo: "Mama, una presha?" Akisema hapana, tunampa vidonge. Mama mmoja wa miaka 29 alisema hapana. Alikuwa haongopi, alikuwa hajawahi kupimwa tangu ajifungue. Nilimpa mimi, kwa mkono wangu, pakiti tatu. Baada ya wiki kadhaa aliletwa na mkokoteni wa ng'ombe, upande wa kulia umelegea, anataka kuniita jina linakataa. Presha 190 kwa 120.

Siwezi kusema ni vidonge peke yake vilivyofanya. Presha ile ingeweza kumwangusha hata bila hivyo. Ila sikumpima. Alipona mguu, mkono ukabaki umekunja. Mara ya mwisho nilimwona anamnyonyesha mtoto kwa kumlaza juu ya mto, kwa kuwa mkono ulikuwa haubebi. Aliniuliza habari za nyumbani kwangu, akacheka, hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenilaumu.

Tangu siku ile mimi kidonge cha majira bila mpira wa presha sitoi, hata kama bosi anasema foleni imekuwa ndefu.

SEHEMU YA 6

Namalizia.

Mnajua watu wanasema jina Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Uondoe uchawi wako kabla hujaingia mjini. Mwaka 1963 na 1964, mwanaanthropolojia Roy Willis alipokuwa akiishi na Wafipa, aliona vijana wa Kamcape wakipita vijijini kuwasafisha watu na uchawi. Wazee wengine bado wanakumbuka. Kwa hiyo mtu akiamka asubuhi mdomo umepinda, wa kwanza kuitwa mara nyingi siyo sisi.

Na msidhani ni Ufipa tu, maana tumechoka kuchekwa. Kati ya 2003 na 2006 ulifanyika utafiti mkubwa wa kiharusi hapa Tanzania, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro na sehemu ya Dar es Salaam. Walihesabu viharusi 636. Wakisawazisha umri, Hai ilikuwa kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Dar es Salaam 316. Watafiti walipowauliza watu chanzo ni nini, wa Dar es Salaam mjini ndio waliotaja sana mapepo na uchawi. Wa Hai kijijini walielekea zaidi kwenye presha na mambo ya mwili. Haya, nani mshamba?

Utafiti huohuo ulipotafuta visababishi, presha ilikuwemo, na sigara, na virusi vya UKIMWI. Hivi vyote vinapimika au vinaonekana kabla.

Mama wa Laela alinieleza habari ya mama yake siku aliyorudi. Alikuwa na miaka 58, hedhi imekoma siku nyingi. Aliangukia shambani wakati wa kuvuna maharage. Siku nne kwa mganga, ya tano hospitali. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, iliyothibitishwa 1995, ilijaribiwa kwa waliofika ndani ya saa 3, baadaye ikasogezwa hadi saa 4 na nusu, tena baada ya kupigwa picha ya ubongo ili kuhakikisha mshipa haujapasuka. Siku nne ni nyingi mno. Mwambie mtu atabasamu, anyanyue mikono yote, aseme sentensi moja. Upande mmoja ukishuka au maneno yakiyumba, angalia saa, iandike, tafuta gari. Usimnyweshe kitu, atapaliwa.

Huyu binti yake tulimwekea kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni yoyote. Daktari akamwanzishia dawa ya presha, kidonge kimoja kwa siku. Nikamwomba apunguze chumvi, akaniuliza, "Na migebuka je?" Nikamwambia ailoweke, amwage maji ya kwanza. Hakufurahi.

Baada ya wiki mbili alirudi: 148 kwa 92. Imeshuka, bado haijafika. Alikuja na mdogo wake wa miaka 31, anayenyonyesha, ambaye alisema yeye hana tatizo lolote, amemsindikiza tu dada. Nikamkalisha, nikamfunga mpira.

152 kwa 96. Jumanne wanarudi wote wawili.